McLeod Ganj kwa miguu: njia nyepesi kwa sisi tusiopanda milima

Jumatano usiku

Wabongo na Wakenya tunaosoma huku Chandigarh na Punjab tuna ugonjwa mmoja, mapumziko yakifika kila mtu anawaza Delhi au Goa, alafu anarudi hana hela na hana cha kusimulia zaidi ya foleni. Safari hii Pasaka imekaa vizuri, Ijumaa Kuu huku ni sikukuu ya serikali, tukategea vipindi vya Alhamisi na Jumatatu tukasema liwalo na liwe, twende Dharamshala, mji wa jimbo la Himachal kaskazini mwa India, tukatembee milimani.

Tuko watatu. Mimi wa Tanga, jamaa yangu Mchaga wa Marangu tunamwita Mangi, na dada mmoja wa Mombasa anasoma famasia, huyo wote tunamwita Sista kwa sababu mtu akiumwa ndo anampikia uji. Mangi kazaliwa mguuni pa Kilimanjaro na hajawahi kufika hata Mandara, kambi ya kwanza tu, kila siku anasema atapanda akirudi nyumbani. Sista anasema kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kupanda ni ngazi za Fort Jesus. Kwaiyo mkiona nimeandika njia nyepesi mjue nyepesi kwa watu wa aina hii, wanaokula chipsi usiku.

Basi tumepandia stendi ya Sector 43, ni la serikali ya Himachal, viti havilali na madirisha yanapiga kelele njia nzima lakini nauli yake ni ya mwanafunzi. Yapo ya Volvo kwa wenye nazo. Umbali ni kama kilomita 250, nusu ya kwanza tambarare unalala vizuri, nusu ya pili ni kona kona kona, dereva anapiga honi kila kona na hapunguzi mwendo, Sista akafunga macho akawa anasoma dua mpaka Kangra. Na beba pasi yako ya kusafiria halisi pamoja na kopi ya viza, gesti za India zikipokea mgeni lazima zimjazie fomu, miaka mingi imeitwa Form C, na kuipeleka serikalini, ndo maana vigesti vingine vikikuona tu sura vinasema vimejaa. Si ubaguzi kila mara, wengine hawajasajiliwa kupokea wageni, ila ukweli ni kwamba huwezi kujua ni lipi kati ya mawili, we piga simu kabla.

Alhamisi

Tumeshuka stendi ya Dharamshala saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kung'ata. Hapa chini pana kama mita 1,450, sawasawa na Lushoto hivi. McLeod Ganj yenyewe iko juu, inapita kidogo mita 2,000, na kuna njia tatu za kufika, daladala lao, jipu la kuchangia, au zile kebo zinazoning'inia ambazo zimeanza kazi 2022. Asubuhi ile kebo bado zimelala tukapanda daladala, barabara imejikunja yaani unaona taa za gari la nyuma yako ziko chini ya miguu yako.

Alafu kukapambazuka. Niseme ukweli picha za mtandaoni nilikuwa nazidharau, unajua tena watu wanavyochezea rangi. Safu hii inaitwa Dhauladhar na ajabu yake ni kwamba haina vilima vya kukuandaa, bonde la Kangra liko pale chini na mashamba yake ya ngano na chai, alafu ghafla mlima unasimama kupita mita 4,000 na theluji juu, hakuna katikati. Ndo maana mvua za masika ya huku, Julai mpaka Septemba, zinapiga Dharamshala kuliko karibu mji mwingine wowote wa Himachal, mawingu yakitoka bara yanagonga ukuta yanamwaga yote hapo hapo. Miezi hiyo usije kutembea. Aprili, Mei, na kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Novemba ndo wakati wenyewe.

Mji una historia nzito kwa udogo wake. Waingereza waliufanya kituo cha jeshi na cha kukimbilia joto, wakaupa jina la Donald McLeod aliyekuwa mkuu wao Punjab, tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la Kangra likaua watu kama 20,000 wilaya nzima na kubomoa karibu kila kitu, wakubwa wakahama, pakabaki pamepooza zaidi ya nusu karne. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, akakimbia Tibet, mwaka uliofuata serikali ya India ikampa hapa akae. Sasa hivi ukitembea barabara kuu unasikia Kitibeti kuliko Kihindi.

Siku ya kwanza usipande popote. Umekesha kwenye basi, umetoka tambarare, mwili haujui uko wapi. Njia ya kuanzia ni ile wanayozungukia Watibeti wenyewe, wanaiita kora, inazunguka kilima chenye hekalu la Tsuglagkhang na makazi ya Dalai Lama. Ni ya kimsitu, kivuli kitupu, mtu mzima anayetembea polepole haimalizi saa nzima. Utaratibu ni mmoja tu, unazunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia, usiende kinyume maana utakutana uso kwa uso na vibibi vyote vya mji.

Na hivyo vibibi ndo raha ya njia hii jamani. Bibi mmoja alikuwa mbele yetu, mgongo umepinda, tasbihi mkono wa kushoto, kiunoni aproni ya mistari mistari ya rangi ambayo kwao huvaliwa na mwanamke aliyeolewa, na miguuni raba nyeupe za mazoezi mpya kabisa. Kila akifika kwenye safu ya magurudumu ya sala, ni mapipa ya shaba yaliyochongwa maandishi, anayasukuma moja moja bila kuruka hata moja na midomo inacheza. Sista akamwamkia kwa mikono, bibi akasimama, akamwangalia nywele zake za rasta, akaishika moja akaivuta kidogo kuhakikisha, akacheka mpaka fizi, kisha akamshika mkono akauweka kwenye gurudumu kuonyesha linasukumwa upande gani. Hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake. Tukatembea naye mpaka kwenye mawe yaliyochongwa sala yao ya Om Mani Padme Hum, akakaa kupumzika, sisi tukapita.

Jioni momo, ni vitu vya unga vya kuchemshwa kwa mvuke na ndani kabichi au viazi au nyama, unachovya kwenye pilipili inayotoa machozi. Sista kwa sababu ya mambo ya halali kala za mboga siku zote na hajapata shida hata siku moja, huku mboga ndo chakula kamili wala si kitoweo cha pembeni.

Ijumaa

Kila mtu akija hapa anaenda maporomoko ya Bhagsu, na sisi tukaenda, ila sikutumi uende kwa moyo wote. Kilomita mbili kutoka mjini, barabara ya lami, magari yamebanana, ikiwa wikiendi ndefu kama hii nusu ya Punjab iko hapo na spika zao. Kuna hekalu la zamani la Shiva na bwawa la maji ya chemchemi baridi watu wanaoga, kisha unapanda ngazi za mawe mpaka kwenye maporomoko yenyewe. Aprili maji ni membamba tu. Tulipigwa picha na familia ngapi sijui, kila mtu "selfie, selfie", mwanzoni unaona ustaa, baadaye Mangi akawa anadai rupia kumi kwa picha kwa utani na kuna mzee akatoa kweli, ikabidi amrudishie huku anaomba radhi.

Ukipita korongo lile angalia nyumba zilivyosogelea maji. Julai 2021 mvua ilishuka ghafla kijito kikawa mto, kikabeba magari yaliyoegeshwa, video zilizunguka dunia nzima. Walishajenga mpaka mdomoni pa maji.

Sasa mchongo uko hapa. Watu wote wakifika kwenye maporomoko wanageuka. Wewe usigeuke, upande wa juu kuna kinjia cha mawe kinaendelea kupanda mpaka kwenye mgahawa mmoja wa miaka mingi uliochorwa chorwa mawe yake yote, ni mwendo wa dakika ishirini thelathini za kuhema, unakunywa chai, alafu badala ya kurudi ulikotoka unachukua njia inayokata ubavu wa mlima kuelekea Bhagsu ya juu na Dharamkot. Kelele inakatika kabisa. Miti ya mwaloni, mierezi, na ile wanayoita buransh ambayo maua yake mekundu yalikuwa yanaelekea mwisho, mengine yamedondoka njiani unayakanyaga. Watu wa huku wanayatengeneza sharubati, tulinunua chupa, tamu imezidi kwangu lakini Mangi kaimaliza.

Dharamkot ni kijiji cha ajabu. Vibao vimeandikwa Kiebrania, vijana wa Israeli wakimaliza jeshi huja kukaa miezi, kwaiyo unakuta mama wa Kigaddi wa Himachal anasaga hamasi, ile rojo ya dengu, na kukaanga mayai ya nyanya kama kazaliwa Tel Aviv. Kuna vituo vya kutafakari ambako watu wanakaa siku kumi hawaongei. Sista akasema yeye kumi ni nyingi lakini Mangi akae hata nne tungeshukuru.

Kutoka Dharamkot kushuka mjini ni nusu saa kwa njia ya msituni. Jumla ya mzunguko wote tulitoka saa tatu asubuhi tukarudi saa kumi na chakula katikati.

Jumamosi

Hii ndo siku niliyoipenda kuliko zote na ndo sababu naandika, maana hakuna mtu aliyetuambia habari zake, kila ukiuliza unaambiwa Triund, Triund, Triund. Triund, ule mgongo wa mlima ulio juu ya mji, tutaenda kesho. Jumamosi ndo siku umati wote unapanda huko, unalala, Jumapili unashuka. Sisi tukageuza.

Tulipanda tena Dharamkot kwa njia ya msitu, tukaendelea mpaka Gallu, hekalu dogo la mama Devi, mungu wa kike wa Wahindu, liko kwenye mgongo wa mlima na pembeni vibanda vya chai na maggi, huku maana yake tambi za chapchap. Hapo ndo wapandaji wote wa Triund wanakunja kulia kupanda juu, foleni kabisa, tukawapungia. Sisi tukashika kinjia cha kushuka magharibi kuelekea Naddi. Dakika kumi baadaye tuko peke yetu.

Njia ni bapa au ya mteremko mdogo, inapita kwenye vijiji vya Wagaddi, hawa ndo wenyeji wa asili wa mlima huu, wafugaji wa mbuzi na kondoo. Nyumba zao za zamani zimeezekwa kwa mawe bapa ya kijivu yanayochimbwa milima hii hii, mengine makubwa kama mlango, na kwenye paa wameanika pilipili na kuni. Mashamba ya ngano yamepangwa ngazi ngazi, mwezi huu yameanza kugeuka njano.

Tukiwa kwenye kona moja nyembamba tukasikia miluzi. Kisha mbwa. Kisha kundi, mbuzi wa manyoya marefu na kondoo wamechanganyika, sijui mia mbili sijui mia tatu, wamejaza njia nzima ukuta mpaka ukuta, tukajibanza kwenye kijiwe wakawa wanapita wanatugusa magoti. Mwishoni wanaume wawili. Mzee kavaa koti la sufu la rangi ya maziwa limefika magotini, kiunoni kajizungushia kamba nyeusi ya sufu, raundi nyingi sana, kiuno chote kimekuwa kinene kwa kamba, na ndani ya koti juu ya hiyo kamba, kwenye kifua, kichwa cha mwanakondoo kimechungulia kinatuangalia. Wanambeba humo hasa anayezaliwa safarini. Kijana wake alikuwa na simu inapiga muziki wa Kipunjabi. Ukifika mwezi wa nne wanaanza kupandisha mifugo taratibu kutoka mabonde ya chini walikokaa msimu wa baridi, theluji ikiyeyuka wanavuka mapasi, yale mapengo ya kuvukia safu ya milima, Indrahar kwa mfano ambayo ina mita 4,342, wanashukia Chamba upande wa pili kufuata majani. Na njia hizi sisi tunazoziita za kutembelea zilikanyagwa na mifugo yao kwanza, ndo maana hazina ngazi za kuua, zinapanda kwa mwendo wa mbuzi mwenye mimba.

Mangi kijijini kwao wanafuga mbuzi wa ndani, wa kukatiwa majani, akawa anawaangalia hawa kwa wivu mtupu. Akamuuliza yule kijana kwa Kihindi chake cha sokoni mbuzi mmoja bei gani, kijana akataja, Mangi akapiga hesabu ya shilingi kichwani akanyamaza njia nzima mpaka Naddi.

Naddi unaiona safu yote imejipanga mbele yako, ni mahali pazuri pa kukaa kula ulichobeba. Chini yake kuna Dal Lake, msije mkaichanganya na ile maarufu ya Srinagar, hii ni kibwawa cha kijani katikati ya mierezi, maji yake yanapungua na matope yanajaa, mtu akikwambia nenda Dal Lake nenda kwa ajili ya miti. Ukiendelea kidogo unapita kijiji cha watoto wa Kitibeti, shule iliyoanza 1960 kwa ajili ya watoto waliovuka mlima na wakimbizi, tuliwakuta wanacheza mpira wa kikapu na sare zao.

Kutoka hapo rudi McLeod kwa mguu kufuata barabara ya msituni, magari yapo lakini kivuli kipo, na kabla ya mji kuna kanisa la Mtakatifu Yohane, la mawe, la 1852, limezama kwenye mierezi mirefu. Tetemeko la 1905 lilidondosha mnara wa kengele kanisa lenyewe likabaki. Nje kuna kaburi la Lord Elgin aliyekuwa gavana mkuu wa India, alifia Dharamshala 1863. Makaburi mengine mengi ni ya vijana wa miaka ishirini na kitu, na watoto wachanga, nilisoma machache nikaacha. Watu walikuwa wanapanga maua kwa ajili ya Pasaka ya kesho yake, mama mmoja akatukaribisha ibada, Mangi akasema atakuja akiwa na magoti, kesho ana kazi nayo.

Jumapili

Triund sasa. Tumetoka gesti saa kumi na mbili na nusu. Kutoka McLeod ni kama kilomita 9 kwenda, unaanza kwenye mita 2,000 na kidogo unamalizia karibu 2,850. Mangi akatukumbusha, maana takwimu za Kili anazo kichwani zote hata kama miguu haijawahi kufika, kwamba hiyo ni karibu sawa na geti la Marangu mpaka Mandara, kilomita 8, kutoka kama 1,870 hadi 2,720. Tofauti ni kwamba huku huhitaji mwongozaji wala wapagazi, unajiendea. Ukitaka kupunguza chukua teksi mpaka Gallu, sisi tulikataa teksi kwa sababu ya hela tukasema ni kwa sababu ya afya.

Pale Gallu kuna sehemu ya kujiandikisha, jina na namba za pasi, andika vizuri, huku watu wamewahi kupotea na hilo daftari ndo linaanza kuulizwa. Majira ya baridi theluji ikijaa serikali ya wilaya inafunga njia kabisa, na sheria za kulala juu hubadilika badilika, uliza mjini kabla hujabeba godoro.

Kuanzia Gallu njia ni pana, mawe mawe, msitu wa mwaloni na buransh, bonde pembeni linazidi kushuka. Tukaanza kupishana na umati wa jana unarudi, macho mekundu, viatu vya harusini, dada mmoja kapanda na kushuka na viatu vya kisigino nawaapia. Wote wanakwambia "bado kidogo, bado kidogo", usimsikilize mtu anayeshuka. Na nyumbu wa mizigo nao wanapita, mitungi ya gesi, kreti za maji, mchele. Wakija simama upande wa ukuta wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, nyumbu hasukumi kwa ubaya ila mzigo wake ni mpana na yeye hajui hesabu hiyo.

Katikati kuna kibanda cha chai cha siku nyingi, wenyewe wameandika ni cha 1984, hapo Sista akavua viatu akatangaza amefika na sisi tuendelee tutamkuta. "Hebu niacheni hapa jamani, nyie mtanikuta, mimi nishaona milima." Bhaiya wa chai, yaani kaka muuzaji, akampa chai ya tangawizi ya bure na paratha, chapati yao, akamwambia mama yake ana miaka zaidi ya sitini na hupanda kila wiki. Sista akavaa viatu. Hakumwambia kitu.

Kilomita ya mwisho ndo yenye maneno, wenyeji wanaziita kona ishirini na mbili, mawe makubwa, jua, zigizaga mpaka mwisho. Usihesabu. Dawa ni hatua fupi fupi kama mzee anayetoka msikitini, pumua kwa pua, na mkiweza kuongea basi mwendo ni sahihi, mkishindwa kuongea punguzeni. Tukafika saa tano na nusu.

Unatokea kwenye mgongo wa majani, wazi kabisa, nyuma yako bonde lote la Kangra, mbele yako ghafla ukuta wa mawe na theluji uko karibu mpaka shingo inauma, siku nzima ulikuwa umefichwa na mlima unaoupanda. Tukakaa kimya sote, hata Mangi. Kisha tukala maggi, bei mara kadhaa ya mjini na sikulalamika maana nyumbu niliwaona kwa macho yangu.

Mchana saa nane hivi mawingu yakatoka bondeni, kama kila mtu alivyotuambia, asubuhi ni yako mchana ni wa mlima. Tukaingia kwenye hema la kukodi, mvua ya mawe ikapiga nusu saa nzima juu ya turubai, ndani tunaongea kwa kupiga kelele, ikakata, kukawa weupe. Jioni walibaki watu wachache sana, hesabu yetu ya kuja Jumapili ilijibu. Ila uchafu unasikitisha, pamoja na vijana wa Waste Warriors kuzoa magunia kwa magunia miaka yote bado ukigeuza jiwe unakuta pakiti ya chipsi. Beba mfuko, shusha zako na mbili za mwenzio.

Usiku baridi kali, vaa kila kitu. Mbwa mmoja wa mlimani, manyoya kibao, alitufuata tangu Gallu bila kuitwa, akalala mlangoni mwa hema. Mtu wa hema akasema hufuata wageni kila wiki, leo sisi kesho wengine.

Jumatatu

Saa kumi na mbili asubuhi anga safi. Wengi wanaishia Triund, na mtu akiishia hapo hajapungukiwa kitu. Lakini kama umelala juu na una miguu, endelea mpaka Snowline, ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka mbili, mwinuko wake ni wa wastani, unapita kwenye majani na miamba na miti inaanza kwisha. Unapita mita 3,200 hapo. Sista kichwa kilikuwa kinamgonga kidogo, akanywa maji akabaki Triund na mbwa, uamuzi sahihi kabisa, kichwa kikiuma usipande, hilo halina mjadala hata kama wenzako wanakucheka.

Mimi na Mangi tukaenda. Tumbusi wakubwa wa Himalaya walikuwa wanazunguka chini yetu, yaani unamuona ndege kwa mgongo. Theluji tuliikuta kwenye mikunjo ya kivuli, chafu chafu, ngumu, imeloweka njia. Ndo mara ya kwanza kwa Mangi kuigusa, mtu aliyekua anaiangalia dirishani mwa jikoni kwao maisha yake yote. Akachota, akaonja, akasema ina ladha ya friji. Akajaza kwenye chupa ya maji ampelekee Sista, ilipofika ilikuwa maji, Sista akanawia uso.

Juu zaidi ni mapango wanakolala wanaopanda Indrahar na baadaye pasi yenyewe. Huko si kwa makala hii, huko ni mwongozaji, vifaa na siku zake, na ukiona mtu anakwenda na raba kama zako mwambie arudi.

Kushuka kutoka Triund mpaka mjini kulitula magoti kuliko kupanda, fimbo ni kitu cha maana, Sista alinunua moja ya mianzi pale juu na ndo alikuwa wa kwanza kufika chini, anatusubiri Dharamkot na juisi mkononi anatuuliza mmepotelea wapi. Kutoka hapo miguu yangu ilikuwa inakataa ngazi za kushuka, nilizishuka kinyumenyume, mtoto wa shule akanipita anacheka.

Basi la usiku kurudi Chandigarh linatokea stendi ya chini Dharamshala, kwaiyo acha muda wa kushuka kutoka McLeod, jioni jipu zinajaa. Tiketi kata asubuhi au siku moja kabla wikiendi kama hizi. Viti vya mbele kwa wanaotapika, viti vya nyuma usikubali hata kwa nusu bei, zile kona zote za kuja zipo pale pale zinakusubiri, na Sista alishachukua cha mbele kabla hatujapakia mabegi.